Simba wa Huzuni Anatengeneza Friji

Sauti ya fundi friji ilikuwa nyembamba. Si nyembamba ya kupendeza kama ya watoto wa kwaya. Ilikuwa nyembamba ya bawaba iliyokosa mafuta. Wateja waliompigia simu walianza na "Samahani mama, fundi yupo?" Naye hakubishana nao. Alijibu, "Yupo, anakuja," akakohoa, akatulia kidogo, kisha akaendelea kuzungumza kama fundi. Mteja hakusikia tofauti yoyote, ila kwa adabu alieleza shida ya friji.

Mtaa mzima ulishamzoea. Aliyekataa kumzoea ni mama mkwe.

Siku ile ya kwanza kabisa, fundi alipokwenda nyumbani kwa kina mchumba wake kujitambulisha, alibisha hodi akiwa nje ya mlango, na mama mkwe akaitikia kutoka jikoni, "Karibu, binti!" Alipotoka akakuta mwanaume mwenye masharubu, aliona aibu, na aibu hiyo akaigeuza kuwa hasira. Hakumsamehe kwa kosa hilo, ingawa kosa lilikuwa lake yeye. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana maisha yake yote ya kazi, na matroni haombi radhi.

Sasa alikuwa amestaafu, anaishi kwa binti yake, na kila fundi alipofungua mdomo mezani, mama mkwe alimsogezea bilauri. "Meza maji kwanza, baba. Kuna kitu kimekukwama."

Fundi hakuwa na tamaa kubwa duniani. Nyumba alikuwa nayo, mke alimpenda, friji za watu ziliharibika bila kukoma. Kitu kimoja tu kilimkosesha raha: alitaka, japo mara moja kabla mmoja wao hajazikwa, mama mkwe amwone mwanaume kamili, mtu wa kusikilizwa.

Jumamosi moja mchana, wakiwa mezani, mama mkwe aliinua mkono kama askari wa barabarani.

"Nyamazeni! Anaanza."

Akaongeza sauti ya redio. Kilikuwa kipindi cha santuri za zamani, na mtangazaji wake watu walimwita Bwana Vumbi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufukua. Aliingia kwenye maduka ya vitu chakavu, chini ya vitanda vya watu, kwenye mabanda ya kuku, akatoka na santuri ambazo hata waliozipiga walikuwa wamezisahau. Alipenda hasa zile za enzi ya vinanda vya umeme, ambapo wanamuziki walivaa miwani ya jua ndani ya nyumba na kukata nywele upande mmoja tu kana kwamba kinyozi alikimbia kazi katikati. Wiki hiyo alikuwa ameshapiga wimbo wa bendi ya roki ya wauguzi watatu, na wa bwana mmoja aliyeimba kuhusu lifti iliyokwama, tangu ilipokwama mpaka ilipofunguliwa.

"Na sasa," alisema Bwana Vumbi kwa kunong'ona, "yule mnayemngoja. Hatujui jina lake. Hatujui aliko. Mimi namwita Simba wa Huzuni."

Kilianza kinanda, kizito, kinajivuta kama lori la saruji linalopanda mlima. Kisha ikaingia sauti ya mwanaume. Ilitoka chini, chini kabisa, kama kitu kinachovutwa kisimani kwa kamba.

"Niiimechomekaaa... weeewe hujawaaashaaa..."

Mama mkwe alifumba macho. "Huyo ndiye mwanaume," alisema. "Analia, lakini analia kwa heshima."

Fundi alibaki ameachama, kijiko hewani. Maneno yale aliyajua. Aliyatunga mwenyewe, ujana wake, akiwa amekaa sakafuni anaangalia pasi iliyokataa kupata moto. Yeye na kaka yake mkubwa walikuwa na kundi la watu wawili, wakaliita Volti, wakavaa makoti ya mvua ya baba yao wakati wa jua kali, wakatoa santuri moja. Haikununuliwa. Kaka aligawa nakala zote kwa ndugu, na ndugu wakafunikia mitungi.

"Mke wangu," alinong'ona, "kuna mtu kaniibia wimbo."

"Meza maji," alisema mama mkwe bila kufumbua macho.

Kaka yake alikuwa na duka la vyoo na masinki. Jumatatu asubuhi fundi alimkuta amekaa juu ya choo cha maonyesho, mfuniko umefungwa, anakunywa chai kama mfalme.

"Kaka, shikamoo. Umesikia redio?"

"Marahaba. Nimesikia. Kinanda kile ni changu."

"Na sauti?"

"Sauti siijui. Dume la nyati hilo. Wewe hujawahi kufika huko hata ukiwa na mafua."

"Kwa hiyo wamechukua kinanda chako wakamweka mtu mwingine aimbe?"

Kaka aliteremka kutoka chooni kwa hasira. "Na kinanda wamekipiga vibaya! Mimi sikuwahi kupiga kizembe namna ile. Twende."

Walimkuta Bwana Vumbi kwenye chumba chake cha kazi, amezungukwa na santuri mpaka dirishani, anapangusa moja kwa kitambaa laini kama mtu anayeogesha mtoto mchanga. Kaka hakusalimu.

"Mwizi wewe! Nani umemwimbisha wimbo wetu?"

Bwana Vumbi alitazama mmoja, akatazama mwingine. "Wenu? Ninyi ni Volti?" Macho yalimjaa machozi. "Jamani! Nimewatafuta kama pini gizani! Nani kati yenu ndiye Simba?"

Hakungoja jibu. Aliitoa santuri kwenye mfuko wake wa karatasi, ulioandikwa Volti na basi, akaiweka mezani. Ilikuwa kubwa, na ile karatasi ya katikati, badala ya maelezo, ilijaa mchoro wa radi ya rangi ya manjano. Fundi aliutambua. Kaka aliuchora mwenyewe, akamkataza katakata mtu wa kiwandani asiuharibu kwa maandishi.

Bwana Vumbi akashusha sindano. Ule mlio wa lori ukaanza. Kaka akainama, akaangalia jinsi santuri inavyozunguka, akaangalia tena.

"Hii umeiweka mwendo gani?"

"Thelathini na tatu. Santuri kubwa ni mizunguko thelathini na tatu kwa dakika. Zile ndogo ndiyo arobaini na tano."

"Yetu ni kubwa ya arobaini na tano! Niliambiwa ikiwa kubwa na ikizunguka haraka inatoa mlio safi zaidi."

"Mbona haijaandikwa?"

Wote watatu wakatazama ile radi.

"Nilikwambia," fundi alimwambia kaka. "Nilikwambia uache nafasi hata ya kuandika namba."

"Radi haiachi nafasi," kaka alijibu.

Bwana Vumbi akageuza kitufe. Kinanda kikaruka kama kuku aliyemwagiwa maji. Ngoma ya mashine ikaanza kutwanga mbio mbio. Na juu yake ikapanda sauti nyembamba, kali, yenye furaha isiyo na sababu: "Nimechomeka! Wewe hujawasha! Nimechomeka! Wewe hujawasha!"

"Huyu ni nani?" aliuliza Bwana Vumbi.

"Mimi," alisema fundi.

Kusikia lile "mimi" tu kulitosha. Bwana Vumbi aliketi polepole juu ya boksi la santuri za watu.

"Naomba turudishe ya mwanzo," alisema.

Waliirudisha. Wakaisikiliza yote. Na hapo fundi akaelewa: lile dume la nyati ni yeye. Ile sauti iliyomfumbisha macho mama mkwe ilitoka kwenye koo hili hili. Ilicheleweshwa kidogo tu njiani.

Bwana Vumbi akafunguka. Alikuwa ameshatangaza onyesho la Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa sinema wa zamani, onyesho la wasanii waliosahaulika, na mabango yalishabandikwa yakisema Simba wa Huzuni atatafutwa na atapatikana. Watu walishaandika redioni kwamba wimbo ule ni kilio cha binadamu aliyeachwa peke yake na mashine.

"Ni kuhusu pasi," alisema fundi.

"Usimwambie mtu. Bwana wangu, nakuomba. Huwezi kuimba polepole? Chini kidogo? Mpaka Jumapili?"

Mtu mwenye akili angekataa. Lakini fundi aliona mama mkwe kwenye kiti cha mbele, macho yamefumbwa.

"Nitaweza," alisema.

"Hutaweza," alisema kaka. "Lakini mimi nitakuja na kinanda."

Jioni hiyo mezani alikohoa, akaweka kijiko chini. "Mama, yule mwimbaji wa redio ni mimi."

Mama mkwe alimtazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka safari hii yeye ndiye aliyehitaji bilauri.

"Kama Simba ni wewe, baba, basi mimi ni rubani. Wewe na yule? Yule akikohoa, wewe unapeperuka!"

"Ni kweli mama," alisema mkewe, "ni kwamba santuri ilikuwa inazunguka pole—"

"Mtetee, ndiyo kazi yako. Mimi Jumapili naenda kumwona mwenyewe. Gauni lile nililovaa kwenye harusi yenu, limenyooshwa?"

Lilikuwa halijavaliwa tangu harusi. Fundi alilikumbuka vizuri, maana siku ile mama mkwe alilivaa na uso wa msibani.

Kilichofuata ni karakana ya fundi peke yake iliyokijua. Kaka alisema sauti nene inatoka kifuani, na kwamba fundi hana kifua, hivyo lazima akope. Akope wapi? Kwenye friji. Kulikuwa na friji moja ya duka la nyama, ndefu, tupu, inayongoja mota. Fundi aliingiza kichwa na mabega ndani yake, akashika rafu, akaimba kwa kujisukuma chini kama anayekwamua gari matopeni.

"Niiimechomeee..."

"Chini zaidi," alisema kaka.

"Niiii..."

"Hiyo ni ya kondoo. Fikiria umefilisika."

Siku ya tatu ya mazoezi mama mkwe alipita na kapu, akasimama mlangoni, akarudi nyumbani kumwambia binti yake. "Mumeo anaomboleza ndani ya friji. Sijui alikuwa anamfahamu nani humo."

Lakini jamani, ndani ya friji ile iliwezekana. Si sana, lakini ikasikika sauti ya mwanaume wa wastani mwenye homa. Tatizo ni kwamba akitoa kichwa nje, ile sauti ya bawaba inarudi. Kaka alipendekeza wabebe friji mpaka ukumbini. Wakaipima mlangoni. Haikupita.

Jumapili ukumbi ulifurika. Walikuwepo vijana waliovaa makoti ya wazazi wao, na wazee waliovaa makoti yao wenyewe. Wauguzi watatu, sasa wamestaafu, walipiga roki mpaka vioo vikatikisika, na onyesho likasimama kidogo mmoja wao akitafuta miwani yake chini ya ngoma. Bwana wa lifti aliimba wimbo wake wote. Watu walishangilia ilipofunguliwa.

Kisha taa zikapunguzwa. Bwana Vumbi akapanda, akasema kwa ile sauti yake ya kunong'ona, "Tulimtafuta. Tumempata." Akashusha sindano kwenye santuri, mwendo ule ule wa polepole, na lile lori la saruji likaanza kupanda mlima. Mpango ulikuwa santuri itangulie na kinanda, kisha ipunguzwe sauti, na fundi aingie yeye mwenyewe na maneno.

Akatoka. Alivaa koti la mvua la marehemu baba yake, ambalo sasa halikufunga tumboni. Mstari wa mbele alimwona mkewe, na kando yake gauni la harusi. Mama mkwe alikuwa ameinua shingo kumtafuta Simba nyuma ya fundi, kana kwamba fundi ni mtu aliyetangulia kurekebisha waya.

Alishusha kidevu. Akafikiria amefilisika. Akafungua mdomo.

"Niiimechomekaaa..."

Ilitoka! Ilikuwa nene, ikaenda vizuri mpaka katikati ya "wewe". Hapo ikakwama, ikatetemeka, na ikaruka juu ghafla kama paka aliyekanyagwa mkia.

"...huJAwasha!"

Mtu wa nyuma akaguna. Kisha mwingine akapiga mluzi. Kicheko kikaanzia kwenye viti vya vijana kikaenea ukumbi wote, na jamaa mmoja mwenye koo pana akapaza sauti: "Mama, tuitie Simba! Mwambie tunamsubiri!"

Fundi alisimama pale na maikrofoni yake. Masikio yalimwaka moto. Alitamani friji. Hakuthubutu kutazama mstari wa mbele, maana alijua atakachokiona: bilauri.

"WEWE!"

Kicheko kilikatika kama umeme. Mama mkwe alikuwa amesimama na gauni lake la harusi, amelipa jukwaa mgongo, kidole kimemlenga yule jamaa mwenye koo. Ile haikuwa sauti ya mstaafu. Ile ilikuwa sauti iliyowahi kuzima taa za bweni zima bila kugusa swichi.

"Simama nikuone. Simama! Unamcheka nani?"

Jamaa akasimama. Alikuwa mtu mzima, pengine na wajukuu, lakini alisimama.

"Huyu ni mkwe wangu. Mimi nimemcheka tangu hajamwoa binti yangu. Nimemcheka asubuhi, nimemcheka mchana, nimemchekea kwenye chakula alichokinunua yeye. Mimi nina haki hiyo, tunaishi nyumba moja! Wewe umemjua lini? Friji yako amewahi kuitengeneza?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa. Na ufunge mdomo, meno yako yenyewe hayana mpangilio."

Akageuka kwenye jukwaa. Akamtazama fundi kwa muda, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayejaribu kuona sura ya mtu kwenye picha ya zamani.

"Ni wewe kweli?" aliuliza, chini chini, lakini ukumbi mzima ulisikia.

"Ni mimi, mama. Ila ile waliipiga polepole. Kwa makosa. Mimi naimba hivi ninavyoongea."

"Sasa unaimba sauti ya mtu mwingine ya nini? Imba yako, watu wamekaa!"

Fundi alimwangalia Bwana Vumbi. Bwana Vumbi, uso umemshuka, alitikisa kichwa kukataa. Ilikuwa kama anaambiwa amtupe simba wake barabarani. Fundi akavuka jukwaa, akanyoosha mkono, akageuza kitufe mwenyewe.

Arobaini na tano. Lori likageuka kuku, kuku akapata mabawa. Kaka, ambaye tangu mwanzo alikuwa amenuna nyuma ya kinanda chake, akakirukia kwa vidole vyote, akifuatana na santuri, akikosea na kujichekea. Na fundi akaimba juu kabisa, palepale alipozaliwa, bila kusukuma kitu:

"Nimechomeka! Wewe hujawasha! Waya ni mzima! Wewe hujawasha!"

Watu walishangaa kwa mstari mmoja hivi wa wimbo. Kisha wale vijana wenye makoti ya wazazi wakaanza kuruka. Wauguzi wastaafu wakatoka nyuma ya pazia wakacheza, yule mmoja miwani mkononi. Hata jamaa mwenye koo pana alitikisa bega moja, kwa tahadhari, akichungulia mstari wa mbele kama amepewa ruhusa. Bwana Vumbi alishikilia kichwa, akasikiliza, akashikilia tena, na mwishowe akaonekana anaimba kiitikio. Aliirudia santuri ile mara kadhaa, maana ukumbi ulikataa kuondoka.

Mama mkwe hakucheza. Alikaa wima, mikono juu ya mkoba, akisikiliza. Macho alikuwa ameyafumbua.

Baadaye, nyuma ya jukwaa, fundi alimweleza kila kitu: pasi, koti, radi, mtu wa kiwandani, mitungi, friji ya duka la nyama. Alieleza kirefu na kwa kujirudia, kama mtu ambaye hajawahi kupewa nafasi. Mkewe alimwangalia mama yake kwa wasiwasi. Mama mkwe alisikiliza tu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Vizuri. Sasa na mimi nikwambie ukweli. Yule wa polepole alikuwa mzuri zaidi."

"Najua, mama."

"Lakini yule hayupo, upo wewe. Nimeshakaa na watu wabaya zaidi." Aliichukua santuri mezani, akaigeuza, akaisogeza mbali na macho ili aone vizuri. "Na huku upande wa pili umeimba nini?"

"Upande wa pili sijaimba. Ni kaka anapiga kinanda peke yake, mwanzo mpaka mwisho."

"Ndiyo kazi yangu bora kabisa," alisema kaka, akijisogeza. "Tena nao wausikilize kwa mwendo wake halisi, mama, ni—"

"Meza maji, baba," alisema mama mkwe, akairudisha santuri kwenye mfuko wake na kumkabidhi mkwewe. "Twende nyumbani, mwimbaji. Viatu hivi vinanibana."

Kaka alinuna njia nzima.